Tundu Kwanza, Nguvu Baadaye: Kuchagua Mashine ya Kwanza ya Kukereza Fimbo za Kuvulia

Kwa miaka miwili ya mwanzo nilikereza mishiko ya fimbo za kuvulia kwa drili ya mkono iliyobanwa mezani, katika chumba cha uani hapa Pasua, Moshi. Nilipokwisha kudunduliza fedha za kununua mashine halisi nilipanda basi hadi Arusha, nikazunguka Unga Limited kutwa nzima, na jioni nikarudi na mashine ya kukereza mbao ambayo, kwa kazi yangu, haikufaa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima na imara, na aliyeniuzia alinijibu kwa ukweli kila nilichomwuliza: nguvu ya mota, urefu wa kitanda (zile reli za chini zinazobeba kazi), upatikanaji wa vipuri. Sikumwuliza upana wa tundu linalopita katikati ya kichwa cha mashine, na swali hilo moja lilinigharimu karibu mwaka mzima. Naandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuanza kazi hii akiwa na fedha ya mashine moja tu, kwa sababu wengi wetu huku ndivyo tulivyo. Mashine ya kwanza hukaa nasi miaka mingi kabla ya kupatikana ya pili.

Asiyeijua kazi hii huenda akajiuliza fimbo ya kuvulia ina nini cha kukerezwa. Ufito wenyewe, ule mrija mrefu wa kaboni au faiba glasi unaopungua unene kuelekea nchani, hatuutii patasi hata kidogo, kwani huja kutoka kiwandani ukiwa umekamilika. Kazi yetu ni kuuvika vilivyobaki: mshiko wa koki au wa povu gumu la EVA, kikalio cha rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ambacho mara nyingi huwa na kiini cha mbao, na pete za kupitishia mshipi, zinazofungwa kwa uzi na kufunikwa kwa epoksi. Mshiko na kiini cha kikalio ndivyo vinavyodai mashine.

Koki ninayoisema si ile ya bomba. Ni gome la aina ya mwaloni unaostawi zaidi Ureno, lile lile linalozibia chupa za mvinyo. Mti hubanduliwa gome kwa mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka kama 25, na baada ya hapo huachwa miaka 9 au zaidi kabla ya kubanduliwa tena, kwa hiyo kila ninapoharibu kipande nafahamu kwamba nimepoteza kitu kilichongojewa muda mrefu na watu wa mbali. Hutufikia ikiwa imekatwa pete zenye unene wa milimita 12.7 na kipenyo cha milimita 32 hivi, kila moja na tundu dogo katikati. Pete 14 zikipakwa gundi, zikapangwa kwenye chuma chembamba chenye nyuzi na kubanwa kwa nati pande zote mbili, hutoa mshiko wa karibu sentimita 18. Kesho yake chuma hicho hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa, na mshiko huchongwa kwa msasa: namba 80 kwa kupunguza, 120 kwa kutafuta umbo, kisha 220 na 400 kwa kulainisha. Ukifika kwenye 220 sauti hubadilika. Mkwaruzo mkavu hugeuka mnong'ono, joto la koki husikika kwenye ncha za vidole kupitia karatasi ya msasa, na vijitundu vyeusi vya gome huanza kujaa vumbi lake lenyewe. Hapo ndipo mkono hujua zaidi kuliko jicho, na hapo ndipo utaona kwamba kazi yote hii haikuhitaji nguvu kubwa. Koki huliwa na msasa kirahisi sana; mota ya wati 250 inatosha, na wauzaji wanaosifia nguvu ya mota wanakusifia kitu ambacho wewe hutakitumia.

Kosa langu lilijitokeza kwenye fimbo ya nne baada ya kuinunua ile mashine. Mzee mmoja wa Kiborloni, aliyevua kambare na perege katika Bwawa la Nyumba ya Mungu tangu ujana wake, aliniletea ufito mnene akitaka mshiko mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Niliukereza mshiko peke yake kwenye chuma, nikalipanua tundu lake kwa kipande cha ufito uliovunjika nilichokizungushia msasa, nikapaka gundi, nikauvika. Kwa macho ulikuwa safi kabisa. Alipokuja kuuchukua nilimpa shikamoo, akaitikia, akaupokea kwa mikono yote miwili kama desturi ya watu wa umri wake, kisha akaanza kuuzungusha taratibu kwenye kiganja huku akitazama nje, wala hakuutazama. Kidole gumba kikasimama mahali pamoja.

“Mwanangu,” akasema, “hapa pana mgongo.”

Nilipopima kwa venia, kipimio cha taya cha vitu vidogo, nilikuta koki ya upande mmoja ina unene wa milimita 7.5 na ya upande wa pili 6.5. Tundu nililolipanua kwa mkono lilikuwa limehama nusu milimita kutoka katikati, na uso wa mshiko, ambao nilikuwa nimeukereza vizuri kabla ya hapo, ukahama pamoja nalo. Nilimwomba radhi na nikaomba aniachie fimbo.

Dawa ya kosa hilo inajulikana kwa mafundi wote wa kazi hii. Mshiko hugandishwa kwenye ufito ukiwa bado mnene, ndipo hukerezwa juu ya ufito wenyewe, ili uso wake ufuate katikati ya ufito hata kama tundu la ndani lilipinda kidogo. Lakini ili kufanya hivyo ni lazima ile sehemu ya ufito iliyo mbele ya mshiko ipite ndani ya kichwa cha mashine na kutokea upande wa nyuma. Kwenye ufito wa Mzee, sehemu hiyo ilikuwa na unene wa milimita 13. Tundu la mashine yangu mpya lilikuwa milimita 9 na nusu.

Hayo si mapungufu ya mashine ile tu. Mashine ndogo nyingi za mbao zinazowekwa juu ya meza zimetengenezwa hivyo, kwa sababu tundu lile lipo kwa ajili ya kupitisha fimbo ya kugongea kituo (ile ncha inayoshika mwisho wa kazi) kitoke, na halikukusudiwa kupitisha kazi. Mseremala anayekereza bakuli au mguu wa kiti hana haja nalo. Ukiwa unatengeneza fimbo nyepesi za kuvulia kwa nzi wa bandia, ambazo ufito wake mbele ya mshiko haufiki milimita 9, basi mashine ya namna hiyo itakutosha, tena vizuri. Huku kwetu, hata hivyo, anayekuja na kazi huwa anakwenda kutafuta sangara Ziwa Victoria, au samaki wakubwa wa mkondo wa Pemba, au kambare wa Nyumba ya Mungu wenye uzito wa mtoto, na fito za kazi hizo ni nene.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tundu. Mashine ndogo za kukereza vyuma, zile ambazo kipenyo cha kazi juu ya kitanda ni milimita 180 na urefu kati ya vituo ni milimita 300 au 350, huwa na tundu la milimita 20. Hupitisha karibu kila ufito nilioletewa. Zina uzito wa kilo 40 hivi, kwa hiyo watu wawili huibeba bila shida na inaweza kuja kutoka Dar es Salaam kama mzigo wa basi, na bei yake ni karibu na ya bodaboda mpya. Niliiuza ile ya mbao kwa hasara, nikanunua moja ya aina hii, na ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Sitaki mtu adhani kwamba haina matatizo, maana yapo na yanasumbua. Kitanda chake ni kifupi, na mshiko wa sentimita 35 hukerezwa kwa kusogezwa mara mbili. Haina egemeo la patasi za mbao. Nilimwomba fundi wa kuchomelea anitengenezee. Na kubwa kuliko yote ni vumbi. Reli za mashine ya chuma zinataka mafuta wakati wote, vumbi la koki na la mbao hunywa mafuta hayo, na likichanganyika na chembe za msasa huwa tope linalosaga chuma polepole kila unaposogeza kitoroli, ile sehemu inayobeba kisu juu ya reli. Mimi huondoa kitoroli kabisa ninapokereza koki, nafunika kitanda kwa gazeti, na nikimaliza nafuta reli kwa kitambaa kikavu kabla ya kupaka mafuta mapya. Ni dakika kumi kila siku. Anayejua kwamba hatazitoa dakika hizo, na hana mpango wa kukereza chuma chochote, afadhali atafute mashine ya mbao yenye tundu pana. Zipo, ila ni kubwa na ni ghali zaidi.

Kwa anayejenga fimbo za mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa, nisingesita hata kidogo: achukue mashine ya chuma. Viungio vya fimbo hizo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao unang'aa kama fedha ilhali hauna fedha ndani yake, na vipimo vyake huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi. Kiungio namba 13 maana yake ni 13 kwa 64, yaani milimita 5.16. Mwisho wa mwanzi unapaswa kukerezwa hadi uingie humo kwa kubana bila kulazimishwa, na dume liingie katika jike vivyo hivyo. Hapo tunazungumzia sehemu za mia za milimita, ambazo mkono wenye msasa hauwezi kuzifikia kwa kubahatisha.

Ipo pia mashine ya reli, inayotengenezwa mahususi kwa wajenzi wa fimbo. Haina kichwa cha kupitishia kitu: ina reli ndefu ya aluminiamu, chaki ndogo (kishikio chenye taya) upande mmoja inayoshika kitako, na vigurudumu vinavyoubeba ufito kutoka chini popote unapotaka. Uzuri wake huonekana kwenye ukarabati. Fimbo iliyokwisha kufungwa pete haiwezi kupita ndani ya tundu, hata la milimita 20, bila kwanza kukata uzi na kutoa pete, lakini juu ya vigurudumu hulala pamoja na pete zake. Ukarabati ni sehemu kubwa ya kazi zangu, kwa hiyo nilijitengenezea kitu kama hicho kwa mbao na magurudumu ya viatu vya kutelezea niliyoyapata mtumbani Memorial. Sijainunua ya kiwandani kwa sababu mota yake ni dhaifu kwa kiini cha mbao ngumu, na kwa mtu wa mashine moja tu udhaifu huo ni mkubwa.

Lile jitu la kiwandani, lililotumika, ambalo dalali atakuambia unalipata kwa bei ya kutupa, liache. Linataka umeme wa fezi tatu, lina uzito unaofika tani, na sakafu ya chumba cha kupanga haikujengwa kwa ajili yake. Nasema hivi kwa majuto kidogo, kwa kuwa wilayani Hai, mwendo mfupi kutoka hapa, katika miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kwa kazi ya kutengeneza mashine za namna hiyo, na napenda sana kuona mashine ya nyumbani ikizunguka.

Nilipokwenda kununua ya pili sikwenda peke yangu. Nilimwomba fundi mkereza vyuma wa hapa mtaani, mtu mzima ambaye mikono yake imeshika mashine tangu kabla sijazaliwa, anisindikize. Sikumweleza mengi. Njiani aliniuliza swali moja tu: “Kijana, unataka ipitishe nini?” Nikamwonyesha kipande cha ufito wa milimita 15 nilichokibeba mfukoni, akatikisa kichwa kuridhika. Dukani alikichukua kipande hicho akakipitisha kwenye tundu kabla hata ya kuuliza bei. Kisha akazima mashine, akaishika chaki kwa mikono miwili akaivuta na kuisukuma akisikiliza beringi. Akaweka geji ya saa, kipimio chenye sindano kinachoonyesha kuyumba, kwenye ncha ya chuma kilichonyooka, akaizungusha chaki kwa mkono polepole, na tukaitazama sindano: iliyumba kama sehemu 4 za mia za milimita, akasema inafaa kwa kazi yangu. Mwisho alisogeza mkia, yaani kishikio cha upande wa pili wa kitanda, hadi kituo chake kikakutana na kituo cha kichwa, akachungulia kutoka juu na kutoka ubavuni, kwa sababu vituo visipokutana mshiko unaoutaka unyooke utatoka na upande mmoja mnene. Ukaguzi wote haukufika nusu saa. Muuzaji asiyekuruhusu kuufanya, usinunue kwake.

Umeme nao uangaliwe kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Nchini kwetu ni volti 230 na hezi 50, ilhali mashine nyingine za mtumba hutoka Marekani zikiwa za volti 110 na hezi 60, na ukiichomeka hiyo moja kwa moja utanusa harufu ya mota kabla hujakereza pete moja. Mashine ndogo za vyuma nyingi huongoza kasi kwa kadi ya elektroniki, na kadi hiyo haipendi umeme unaopanda na kushuka. Kadi yangu ya kwanza iliungua mwezi wa tatu, na stabilaiza niliyoinunua baada ya hapo ilinigharimu pungufu ya nusu ya bei ya kadi. Nunua mashine na stabilaiza siku moja. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi, kwani mota ya wati 500 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hutumia nusu ya uniti.

Usinunue mashine yenye kasi ndogo sana kwa matumaini kwamba itakukaushia epoksi ya pete. Epoksi inataka ufito uzunguke polepole, mara chache tu kwa dakika, kwa saa nyingi ili isichuruzike upande mmoja, na hakuna sababu ya kuichosha mashine nzuri kwa kazi hiyo. Kimota kinachozungusha sahani ndani ya maikrowevu hufanya mara 5 kwa dakika kwa umeme wetu, na huwa kizima hata maikrowevu yenyewe ikishakufa. Mafundi wa vifaa vya umeme pale karibu na Double Road huwa navyo kwenye makopo. Mimi ninavyo vitatu, na hufanya kazi usiku kucha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote, hata kuliko tundu. Ufito unaotokea nyuma ya kichwa cha mashine ni mwembamba na mrefu, na ukizungushwa kwa kasi bila kushikwa utaanza kupinda, na ukishapinda utapiga kama mjeledi kwa nguvu yote ya mota. Huvunjika vipande vyenye ncha za nyuzi za kaboni, na atakayekuwa upande ule ataumia vibaya. Kwa hiyo nyuma ya mashine kuwe na kigingi chenye tundu lililozungushiwa sponji la kuubeba ufito kila sentimita 30 au 40, kasi ianzie chini kabisa, na mlango wa upande ule ufungwe ili mtoto asipite. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, glavu zivuliwe, na barakoa ivaliwe, hasa ukikereza mpingo, ambao vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Mpingo nautumia mara chache, kwa viini vya vikalio tu, kwa sababu ni mzito kiasi cha kuzama majini na huifanya fimbo nyepesi iegemee nyuma. Mninga ni mzuri zaidi. Ila mbao ninayoipenda kwa kazi ya mashine yenyewe ni shina la mbuni mzee, yaani mti wa kahawa, wanaoung'oa wenye mashamba huko Kibosho na Machame wanapopanda miche mipya. Ni gumu, nyuzi zake ni laini, rangi yake ni ya siagi, na nalitumia kutengenezea bushi, vile vipande vya kuvika ufito ili chaki isiuguse. Chaki ya taya tatu ikiushika ufito mtupu huuminya mpaka ukapasuka, kwani mrija wa kaboni hubeba uzito wa samaki kwa urefu wake ilhali ubavuni ni dhaifu. Natoboa kipande cha mbuni kwa kipimo cha ufito, nakikereza nje, kisha nakipasua kwa msumeno mwembamba upande mmoja tu, ili taya zikibana kifumbe kama mkono. Ndani nazungusha tepu ya karatasi mara mbili. Ninazo bushi za kila nusu milimita kuanzia 6 hadi 16, zimetundikwa ukutani kwa mfuatano, na kuzitengeneza kulinichukua wiki mbili za jioni ambazo hakuna muuzaji wa mashine aliyenitajia.

Fimbo ya Mzee ilikuwa ya kwanza kupita kwenye tundu lile. Niliikata koki ya zamani kwa wembe, nikagandisha mpya, nikaupitisha ufito na bushi ya 13, nikaukereza mshiko juu ya ufito wake kwa kasi ya mizunguko 600, na nilipopima pande nne sikuona tofauti inayosomeka kwenye venia. Alikuja Jumamosi, akaupokea, akaugeuza kiganjani kama mara ya kwanza huku akitazama nje. Kidole hakikusimama. Akauzungusha tena upande wa pili, akaniuliza kama mashine hii inaweza kupitisha na fimbo ya mjukuu wake, nikaitoa venia mfukoni na kumpimia palepale: milimita 11.